Kolo, Kijiji cha Mto wa Mchanga

Mwezi Septemba mto Kolo hauna maji ya kuonekana kwa macho. Anayefika kijijini kwa mara ya kwanza huona njia pana ya mchanga ikikatiza kati ya mashamba, yenye alama za kwato na za matairi ya baiskeli, naye huweza kuvuka kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile bila kulowesha kandambili zake na bila kutambua kwamba amevuka mto. Maji yako chini. Mama mdogo, ambaye ameishi Kolo tangu alipoolewa, alinionyesha tena namna ya kuyatafuta siku niliporudi kumsalimia baada ya miaka mingi. Alipiga magoti, akaanza kuondoa mchanga kwa bakuli la plastiki lililopasuka ukingoni, na kila aliposhuka kidogo kuta za shimo zilibomoka, naye akaupanua mdomo wa shimo na kuendelea. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu na wa moto. Ule uliofuata ulikuwa wa rangi ya kahawia, kisha ukaanza kushikamana kama unga uliotiwa maji, na alipofika kina cha mkono wake mzima hadi begani, chini kukaanza kung'aa.

Hakuteka mara moja. Maji ya kwanza yalikuwa na tope, akayachota na kuyamwaga pembeni, akangoja yaliyofuata yatulie, ndipo akaanza kujaza dumu la lita 20 kwa kata, polepole, bila kugusa chini ya shimo. "Mwanangu, ukichota kwa haraka utapata tope," aliniambia bila kuinua uso, "na tope halipikiki." Nilihesabu dakika 40 tangu bakuli la kwanza la mchanga hadi dumu lilipojaa.

Ninaanza na shimo hilo kwa sababu karibu kila kilichoandikwa kuhusu Kolo huanzia mlimani, kwenye michoro ya miambani, na kijiji hutajwa kwa sentensi moja kama mahali pa kuegesha gari. Mimi naamini kwamba michoro ile na kijiji hiki ni habari moja, na kwamba hatima ya picha zilizoko juu inaamuliwa na maisha ya watu walioko chini: maji yao, kuni zao, imani zao na ujira wao. Sijafikia imani hiyo kwa kusoma tu. Nimeifikia kwa kutembea kati ya mto na mlima mara nyingi, kwanza nikiwa mtoto na sasa nikiwa mtu mzima.

Mchanga wa mto huu haukuwapo kwa wingi huu siku zote. Ulitoka vilimani. Vilima vya Irangi vilikatwa miti, vikalimwa na kulishiwa mifugo kwa miaka mingi kupita uwezo wake, hadi mvua ikawa inachukua udongo na kuacha makorongo mekundu, huku mito ya mabondeni ikijazwa mchanga na kutanuka. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao huku kila mtu anauita HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeharibika zaidi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata punda walihamishwa kwa makumi ya maelfu. Babu yangu mzaa mama alipeleka ng'ombe wake kwa shemeji yake huko tambarare, na zizi lake halikujaa tena. Wazee wa rika lake walikisimulia kisa hicho kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba, na mimi sitaki kuwasahihisha. Hata hivyo, kila nipandapo vilima vile naona miti iliyorudi, nyasi zilizoshika kingo za makorongo, na vivuli mahali ambapo picha za zamani zinaonyesha udongo mtupu. Yote mawili ni kweli, na nadhani mtu hawezi kuelewa Kolo akichukua moja na kuacha jingine.

Kijiji kiko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha, kilomita zipatazo 25 kaskazini mwa mji wa Kondoa na takriban 180 kutoka Dodoma mjini. Hii ni sehemu ya ile barabara ndefu ya zamani iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, na abiria wa basi aliyepanda Dodoma alfajiri hakujua kama angelala kwake au angelala njiani. Lami ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na sasa safari ile ni ya saa chache tu. Nilifurahi sana, kama alivyofurahi kila mwenye ndugu huku, lakini nimeona pia jambo ambalo sikulitarajia: zamani basi lilipochelewa, abiria walishuka Kolo, wakanywa chai, wakauliza habari, na baadhi yao wakasikia kwa mara ya kwanza kwamba mlimani kuna picha. Siku hizi mabasi hupunguza mwendo kidogo kwenye matuta, kisha hupotea upande wa Bereko.

Anayeshuka atapata kijiji kinachojitosheleza kwa mambo ya kila siku. Kuna msikiti, kuna maduka ya sukari, sabuni, kanga na betri, kuna mafundi wa pikipiki waliojipanga chini ya miti, na kuna mawakala wa fedha za simu ambao vibanda vyao ndivyo baraza mpya za vijana. Kiswahili kinasikika kila mahali, na Kirangi, lugha ya Warangi wenyeji wa huku, kinasikika pale watu wanapoanza kuongea kwa dhati. Asubuhi mama lishe huuza chai ya tangawizi, chapati na maharage, na mchana, kama una bahati, utapata ugali wa uwele kwa mlenda, chakula ambacho kimenilea na ambacho sijawahi kukutana nacho katika hoteli yoyote ya kitalii. Baada ya mavuno utaona mbaazi na alizeti zimeanikwa kwenye maturubai, na mwenye kuuliza vizuri huuziwa asali. Kwa kulala, wageni wengi hurudi Kondoa mjini, ambako kuna nyumba za kulala wageni za bei nafuu. Wenye mahema yao hupiga kambi kando ya mto.

Upungufu upo, na niutaje kwa uwazi kwa kuwa nimeuishi. Mgeni anayetaka kujisaidia hutegemea ukarimu wa mwenye nyumba. Anayetaka kununua kijitabu cha Kiswahili kinachoeleza atakachokiona mlimani, ili amsomee mtoto wake jioni, sikufanikiwa kukiona dukani ili nimwelekeze. Usafiri wa kufika chini ya mlima, ambao uko umbali wa kilomita tisa hivi, ni wa pikipiki kwa asiye na gari imara, kwa njia ya mchanga na mawe ambayo ikinyesha haipitiki kirahisi.

Kabla ya kupanda, mgeni hupita kwenye ofisi ya mambo ya kale iliyopo kijijini, akalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa hapahapa, mjukuu wa mzee niliyemfahamu. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani, aliniamkia upya, safari hii kwa Kirangi, na mazungumzo yakabadilika. Tulipanda kwa miguu kati ya miti ya miombo, juu ya mawe yaliyopasuka kwa jua, yeye akitangulia na kusimama mara kwa mara bila kusema kwamba ananingoja. Mlima huu ni sehemu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na miamba yake imekatika kwa namna ambayo imeacha vibao vikubwa vilivyosimama wima na vingine vilivyoinama kama paa. Chini ya mapaa hayo ndiko watu walikochora.

Jina la mahali ni Mungomi wa Kolo. Mtu asitegemee pango lenye giza. Ni kivuli kirefu cha mwamba, chenye upepo, na bonde lote liko chini yako. Macho huchukua muda kuzoea. Mwanzoni niliona madoa ya rangi ya kutu tu, kisha mwongozaji akanyosha kijiti bila kugusa jiwe, akafuata mstari hewani, na twiga akatokea: shingo kwanza, halafu mgongo, halafu miguu iliyopungua rangi kuelekea chini kama vile mnyama amesimama ndani ya ukungu. Baada ya twiga mmoja kuonekana, wengine hujitokeza wenyewe. Tembo. Pofu. Watu wembamba, warefu kupita kiasi, wenye mistari midogo sambamba mwilini, ambao vichwa vyao ni vya duara kubwa, labda nywele zilizosukwa, labda kofia au vinyago.

Picha inayojulikana zaidi ni ya watu watano waliosimama kwa safu. Wa katikati ameshikwa mikono yote miwili, watu wawili upande huu na wawili upande ule. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliitafsiri kuwa ni tukio la kutekwa: mwanamke anavutwa na wawili wenye vinyago, na wenzake wawili wanajitahidi kumzuia. Wengine wamelinganisha picha hiyo na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo mtu anayepandwa na hali isiyo ya kawaida hushikwa na wenzake asianguke. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Kadiri nilivyotazama vidole vya wale wa kushoto, ndivyo nilivyoelemea tafsiri ya pili, kwa sababu sikuona mvutano katika mabega yao, niliona uangalifu. Hayo ni macho yangu tu, na mwongozaji wangu, ambaye ameitazama picha ile mara mia kuliko mimi, alisema yeye huona harusi.

Kuna jambo ambalo ni lazima nilieleze. Nilifika hapa kwa mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi, katika safari ya darasa zima, na mmoja wa watu wazima waliotuongoza alimwagia mwamba maji kutoka kwenye chupa ili rangi zikolee tuone vizuri. Zilikolea kweli. Tulipiga makofi. Mimi pia nilimwaga, kwa kofi la mkono wangu, juu ya swala mmoja aliyekuwa kwenye usawa wa kifua changu. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya jiwe, na mahali palipolowekwa mara nyingi hufunikwa na utando wa kijivu ambao haufutiki. Nilimtafuta swala yule. Sehemu ile ina ukungu sasa. Hakuna aliyetuambia, na aliyetuongoza hakuambiwa pia, na nimebeba jambo hilo kwa uzito kila ninapoandika juu ya ulinzi wa michoro.

Michoro myekundu ndiyo inayohesabiwa kuwa ya zamani zaidi, na huhusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa matunda na mizizi, mababu wa watu kama Wasandawe, ambao leo wanaishi magharibi mwa hapa, na Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, jamii mbili ambazo lugha zao zina sauti za kidoko. Juu ya nyekundu, mara nyingine kwa kuifunika kabisa, kuna michoro minene myeupe, yenye maumbo ya duara, mistari na wanyama wa mkato mpana, inayohusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Umri wake ni vigumu kuupima moja kwa moja, na wataalamu wamebishana kwa miaka mingi. Shirika la UNESCO, lililoiweka michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, husema miamba hii imetumiwa kwa uchoraji kwa muda usiopungua miaka elfu mbili. Eneo lililoorodheshwa lina kilomita za mraba 2,336 na vivuli vya miamba vyenye picha visivyopungua 150. Kolo, Pahi, Kisese, Thawi, Fenga: ni majina ya vijiji na vitongoji ambavyo watu wanaishi, wanalima na wanaozeshana, na kila kimoja kina miamba yake.

Kisese inastahili maneno zaidi. Chini ya mwamba mmoja wa huko wanaakiolojia walichimba mwaka 1951 na tena mwaka 1956, wakapata zana za mawe pamoja na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, wakaziweka katika makumbusho. Zilikaa huko kwa zaidi ya nusu karne. Ndipo watafiti wengine wakazirudia, wakapima umri wa maganda yenyewe, na mwaka 2018 wakatoa matokeo: shanga za kale zaidi zilipita miaka 40,000. Nikifikiria jambo hilo huona kidole gumba na cha shahada vikizungusha kipande cha ganda juu ya jiwe hadi kiwe duara, kisha kutoboa katikati bila kukipasua, kazi ya subira inayofanana na ile ya mama mdogo mchangani. Ilifanyika hapa Irangi, kabla ya lugha yoyote tunayoijua kusikika katika vilima hivi.

Aliyefanya kazi kubwa zaidi ya kunakili michoro hii ni Mary Leakey huyohuyo, ambaye wengi tunamjua kwa fuvu la Zinjanthropus alilolipata Olduvai mwaka 1959 na kwa nyayo za Laetoli. Mwaka 1951 alikaa miezi kadhaa Kondoa, akibandika karatasi angavu juu ya miamba na kufuatisha mistari mmoja mmoja, hata nakala zake zikapita elfu moja, na baadhi zikachapishwa katika kitabu mwaka 1983. Alikuwa binti wa mchoraji. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alimpeleka kukaa Les Eyzies, kijiji kidogo cha Ufaransa kilichojibanza kati ya mto Vézère na magenge ya mawe ya chokaa, ambako mchimbaji mmoja alimruhusu kuchambua udongo uliotupwa na kuokota zana za mawe zilizoachwa. Huko pia aliona kwa mara ya kwanza mapango yenye picha. Kwa hiyo mtoto aliyefunzwa na kijiji kimoja cha mtoni chenye mabaki ya kale ndiye aliyekuja kufunua vya kijiji kingine cha mtoni. Les Eyzies ina watu wachache, wapatao elfu moja hivi, nayo ina kituo cha reli na Makumbusho ya Taifa ya historia ya kale, ambayo yalizinduliwa mwaka 1923 ndani ya ngome ya zamani iliyo juu ya kijiji. Mwalimu wa shule wa palepale, Denis Peyrony, ndiye aliyehangaika hadi yakasimama. Ninapoona mambo hayo moyo wangu huenda kwa walimu wetu wa Kolo, kwa kuwa uwezo wanao, na wanafunzi wao wanaishi ndani ya urithi huo.

Lakini Kolo ina kitu ambacho vijiji vya namna hiyo vilishakipoteza. Mungomi bado ni mahali pa ibada. Warangi wamekuwa wakipanda huko kuomba mvua, kuaguliwa na kutibiwa, wakichinja mbuzi na kumwaga pombe ya nafaka, na UNESCO ilipoorodhesha michoro hii ilitaja wazi kuwa uhusiano huo ulio hai na imani za wenyeji ni mojawapo ya sababu. Hilo huleta ugumu wa kweli. Pombe na mafuta vikirushwa juu ya mwamba huharibu rangi, na mtunzaji wa picha hutamani virushwe kwingine; mzee wa mila naye husema picha bila tambiko ni madoa ya udongo tu. Nilimuuliza mzee mmoja, baada ya kumpa shikamoo na kukaa chini kama inavyopasa, kama haoni hatari. Alinijibu kwamba watu wa ibada hawajawahi kuchora majina yao juu ya mwamba. Alipoona nimenyamaza akaongeza, "Majina yale yameandikwa na watu waliosoma, mjukuu wangu." Ni kweli. Nimeyaona majina hayo, kwa mkaa na kwa ncha ya msumari.

Wakati wa ukoloni na baadaye, baadhi ya vivuli vilizungushiwa nyavu za waya ili kuzuia watu na mifugo. Nyavu hazikudumu, kwa sababu waya ni mali: hufunga uzio, hutega sungura, hushika mlango. Sioni sababu ya kumlaumu aliyeuchukua. Aliona chuma kimewekwa na watu wasiomsalimia, kulinda kitu ambacho hakuna aliyemweleza kinamhusu nini.

Uharibifu unaoniumiza zaidi unatokana na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini yaliyokuwa chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa Irangi, na mwezi Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia ili kuurudisha mji, akashindwa, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea reli ya kati. Tangu hapo imeenea simulizi kwamba waliacha dhahabu na fedha zao vilimani, na kwamba alama za kwenye miamba ni ramani ya kuzifikia. Watu huja usiku na majembe. Mwongozaji alinipeleka kwenye mwamba mmoja usiotembelewa sana, akanionyesha shimo la kina cha kiuno lililochimbwa usawa wa ukuta wenye picha. Udongo ulikuwa umetupwa nje kwa rundo, na ndani ya rundo kulikuwa na vipande vya jiwe jeupe la kwatzi, vyembamba, vyenye makali. Aliokota kimoja, akakigeuza, akanionyesha mahali kilipogongwa na jiwe jingine na mkono wa mtu. Kisha akakirudisha palepale alipokitoa, ingawa palepale hapakuwa na maana tena. Zile shanga za Kisese ziliweza kutueleza umri wake kwa sababu ilijulikana kila moja ilitoka tabaka gani. Tabaka za shimo hili zilikuwa zimechanganywa zote, na aliyechimba alikwenda zake bila kupata kitu.

Nilimuuliza kama wachimbaji ni wageni. Alisita, akasema baadhi ni wageni, na baadhi ni vijana wanaokosa kibarua baada ya mavuno. Hapo ndipo habari ya huduma za kijiji inapoungana na ya mabaki ya kale, na ndipo ninapotamani wenye mamlaka ya kupanga wasikilize. Kijana mwenye ujira wa kudumu wa kuongoza wageni na kukagua miamba hatachimba usiku, na atawajua wanaochimba. Kaya yenye jiko linalotumia kuni chache haitakata mti uliokinga mwamba dhidi ya mvua ya upepo, na moshi hautapandishwa mlimani na anayetafuta asali kwa haraka. Choo safi na bomba la maji barabarani, pamoja na chumba kimoja chenye nakala kubwa za michoro na maelezo ya Kiswahili na Kirangi, vingemfanya abiria wa basi akae saa tatu badala ya dakika tatu, ale kwa mama lishe, anunue asali, na alipe kiingilio. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji utaalamu wa ajabu. Kinachohitajika ni kukubali kwamba bajeti ya bomba na bajeti ya michoro zizungumzwe katika kikao kimoja, na wenyeji wakiwa wamekaa mezani. Profesa Fidelis Masao, Mtanzania aliyefanya utafiti wa michoro ya kanda hii tangu miaka ya 1970, na wanaakiolojia wa Kitanzania waliomfuata, wamejenga maarifa ya kutosha kuanzia. Kolo inahitaji maarifa hayo yashuke mlimani na kuingia darasani, dukani na barazani.

Tuliteremka jua likielekea kuzama. Mama mdogo alikuwa mtoni tena, safari hii na wajukuu wawili, akikata matawi ya miiba. Nilimsaidia kuyaburuta. Aliyapanga juu ya shimo la maji, tawi la chini likielekea mashariki na la juu likielekea magharibi, akayakandamiza kwa jiwe ili mbuzi wasiyasogeze usiku. Bila kunitazama aliniuliza kama wale watu watano bado wanaonekana. Aliwaona mara moja tu, alisema, alipokuwa msichana, siku alipompeleka bibi yake kuomba mvua. Nikamwambia wanaonekana, wa mwisho upande wa kulia amefifia kidogo miguuni. Akauliza yule wa katikati bado ameshikwa. Nikamwambia bado ameshikwa.

Asubuhi yake tuliondoa miiba. Maji yalikuwa yamepanda kiasi cha kiganja, na yalikuwa safi hadi chini.